Shajara ya mradi: orodha ya nafasi za utafiti wa sayansi na uhandisi, Mtwara na Lindi

Mradi unakusanya matangazo ya nafasi za utafiti na za kitaaluma katika sayansi na uhandisi, unayachuja, kisha unayafikisha kwa wahitimu walioko Mtwara, Masasi, Lindi na Nachingwea kwa njia tatu: jedwali la mtandaoni, kundi la WhatsApp na ubao wa matangazo. Anayetaka kuanzisha kama huu Newala au Kilwa achukue fomula na yale yaliyoshindikana. Mengine atapanga kulingana na kwake.

3 Februari 2024: Jedwali

Limefunguliwa kwenye Google Sheets, bure. Safu ni taasisi, nafasi, nchi, shahada inayotakiwa, nani anaruhusiwa, tarehe ya mwisho, nyaraka, ada na kiungo, na ya mwisho ni jina la aliyehakiki. Vyanzo vya ndani ni Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na tovuti za vyuo vyenyewe. Vya nje ni EURAXESS kwa Ulaya nzima, jobs.ac.uk kwa Uingereza, Jobbnorge kwa Norway na AcademicTransfer kwa Uholanzi. Vyote hivyo havitozi anayetafuta kazi.

Mtindo wa kwanza ulikuwa kubeba kila kitu kinachoonekana. Jedwali lilijaa haraka na halikumsaidia mtu. Mhitimu mwenye shahada ya kwanza alisoma mistari mingi ya nafasi za watu waliokwisha kumaliza uzamivu (PhD) kabla ya kukuta moja inayomhusu. Nafasi za baada ya uzamivu zimehamishiwa karatasi ya pili ya jedwali lilelile. Huku kwetu wanaozihitaji ni wachache, na wengi wao wanajua pa kuzitafuta.

24 Februari 2024: Nani anaruhusiwa

Safu hii ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote, na anayeiga mradi akiiruka atabaki na orodha ya kutazama tu. Kila tangazo husomwa hadi mwisho na sharti linaloengua watu linaandikwa kwa maneno machache.

Kwa nafasi za ndani masharti yanajulikana. Mkufunzi Msaidizi wa chuo kikuu cha umma anatakiwa awe na GPA (wastani wa alama, kati ya 5.0) ya 3.8 au zaidi katika shahada ya kwanza. Mhadhiri Msaidizi awe na 4.0 ya uzamili juu ya hiyo 3.8. Mwenye 3.7 asipotezewe muda kwa nafasi hizo. Aelekezwe kwenye taasisi za utafiti, miradi ya muda na nafasi za nje, ambako desimali moja haimfungii mtu mlango. Kwenye Ajira Portal, anayejisajili awe na namba ya NIDA yenye tarakimu 20, asizidi umri wa miaka 45, na aambatishe vyeti vyenyewe. Hati ya matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Hapa wengi wamekwama kwa sababu cheti chenyewe bado kiko chuoni, hakijafuatwa tangu mahafali.

Nafasi za nje zilitoa kosa la kuchuja lililokata nafasi nzuri. Kanuni ya awali ilikuwa kuondoa kila tangazo linalosema limefadhiliwa na Umoja wa Ulaya, kwa kudhani ni la raia wa huko. Si hivyo. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie inapokea uraia wowote. Inachokataa ni mtu mwenye uzamivu tayari, au aliyeishi au kufanya kazi katika nchi inayompokea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Mhitimu wa Masasi ambaye hajawahi kutoka nje anapita sharti hilo bila shida, wakati anayesoma uzamili Ujerumani ndiye anayekataliwa Ujerumani. Kanuni imefutwa.

Mengine yaliyoingia kwenye safu hii:

Uswidi inataka krediti 240, yaani vipimo vya uzito wa masomo, angalau 60 kati yake ya ngazi ya uzamili, au awe na shahada ya uzamili kamili. Uhandisi wa miaka minne wa hapa unaweza kufikia 240 kwa hesabu ya miaka lakini ukakosa zile 60. Kwa hiyo tangazo la Uswidi linaandikwa "uzamili" hata pale lenyewe linapozungumzia krediti tu.

Norway humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kama mfanyakazi, miaka mitatu, au minne ikiwa ana majukumu ya kufundisha. Uzamili wa huko una ada kwa wasiotoka Ulaya tangu 2023. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Ujerumani huandika "TV-L E13, asilimia 65". Hapo ni ngazi ya mshahara na sehemu ya muda wa kazi unaolipwa. Kwa uzamivu ni kawaida, si dalili ya unyonyaji.

Uingereza, soma sehemu ya ada mpaka chini. Ufadhili wa UKRI, taasisi ya umma inayofadhili utafiti huko, uko wazi kwa wanafunzi wa kigeni tangu 2021, lakini kila kundi la wanafunzi linaruhusiwa wageni wasiozidi asilimia 30, na ada inayolipwa ni ya kiwango cha wenyeji. Tangazo lisiposema nani anafidia tofauti, linawekwa alama ya kuuliza mpaka chuo kijibu.

Marekani hupokea wengi kwenye uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Kwa wenye digrii moja, huko Marekani ndiko kwenye nafasi nyingi zaidi. GPA iandikwe kama ilivyo, "3.9/5.0". Anayejibadilishia mwenyewe kwenda skeli ya 4.0 hujipunja au huonekana amedanganya.

DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kozi zake za EPOS: uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na kwa kawaida shahada ya mwisho isizidi miaka sita. Mhitimu wa mwaka jana asubiri, ila aanze kutafuta barua za mwajiri sasa.

16 Machi 2024: Tarehe na saa

Makosa mengi ya jedwali yamezaliwa hapa. Tangazo la Marekani lenye "04/03/2024" liliingizwa kama 4 Machi, likaondolewa kwa kuwa limepita, kumbe ni 3 Aprili. Dawa ni mbili. Mipangilio ya jedwali imewekwa eneo la Uingereza ili siku itangulie mwezi, na anayeingiza analazimika kuandika 2024-04-03, ambayo hairuhusu tafsiri ya pili.

Saa ilikuwa tatizo gumu zaidi. Tangazo linasema 23:59, lakini 23:59 ya wapi? Safu mbili zimeongezwa: E ni tarehe na saa kama ilivyotangazwa, F ni tofauti ya eneo hilo na UTC, saa ya kimataifa ya kulinganishia. Safu G inatoa muda wa kwetu:

=E2+(3-F2)/24

Namba 3 ni ya Afrika Mashariki. Ulaya ya kati wakati wa baridi F ni 1, kiangazi 2. Uingereza ni 0 na 1. Matangazo ya mikutano ya kisayansi na baadhi ya ufadhili huandika AoE, yaani popote duniani. Hapo F ni -12, na 23:59 yao inakuwa 14:59 ya kesho yake hapa.

Wasomaji walitaka saa waliyozoea, si 14:59. Fomula ya kwanza, =MOD(HOUR(G2)+6,12), ilifanya kazi hadi Marekani waliposogeza saa zao 10 Machi. Tangazo la pwani ya mashariki la 23:59 likawa 06:59 yetu, na jedwali likaandika "saa 0:59". Iliyorekebishwa:

=MOD(HOUR(G2)+5,12)+1

Sasa 06:59 inatoa 12, 14:59 inatoa 8, na 00:59 inatoa 6. Neno la asubuhi, mchana au usiku huandikwa kwa mkono. Kwa zinazoangukia baada ya saa sita usiku huandikwa "usiku wa kuamkia Jumapili", kwa sababu "usiku wa Jumamosi" kila mtu anausoma anavyojua yeye, na hoja hiyo ikianza kundini haiishi.

Ulaya wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mwaka huu ni 31 Machi na 27 Oktoba. Safu F ipitiwe upya siku hizo.

13 Aprili 2024: Ubao na WhatsApp

Ubao: nusu ya plaiwudi ya milimita 12, futi 4 kwa 4, fremu ya mbao, nailoni nzito mbele, umetundikwa ukutani chini ya baraza la steshenari. Awali ulisimamishwa kwa miguu chini. Mchwa waliuanza mguu mmoja kabla mvua hazijaisha, hivyo usimamishwe ukutani tu.

Karatasi zilizochapwa kwa printa ya wino zilivuja rangi kwa unyevu wa pwani hata bila kunyeshewa. Karatasi za printa ya leza hazivuji. Steshenari inatoza 200 kwa ukurasa wa leza, na tofauti ya bei na ile ya wino haistahili kubanwa. Pini za chuma zilipata kutu na kuacha madoa ya kahawia juu ya maandishi, zikabadilishwa kwa klipu za plastiki.

Msimbo wa QR uliobandikwa ulikuwa hausomeki. Sababu zilikuwa tatu kwa pamoja: kiungo kirefu hufanya vijiraba kuwa vidogo mno, ulichapwa sentimita 2 tu, na nailoni inarudisha mwanga. Kiungo kimefupishwa, msimbo umekuwa sentimita 5, na umebandikwa nje ya nailoni. Simu za bei ndogo sasa zinausoma.

WhatsApp ilianza kwa orodha ya kutuma kwa watu wengi kwa mpigo. Ujumbe haukuwafikia wengi, kwa sababu orodha ya aina hiyo hupeleka kwa aliyehifadhi namba ya mtumaji tu. Kundi la kawaida likafunguliwa, salamu na pole za misiba zikafunika matangazo. Sasa wanaotuma ni maadmini peke yao, na maswali yana kundi lake. Matangazo hutumwa kwa maandishi, si picha. Picha hula bando, na haitafutiki mtu akikumbuka jina la chuo wiki mbili baadaye.

18 Mei 2024: Barabara na nyaya

Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya na mvua vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Bahasha za transkripti zilizokuwa zinakuja kwa basi zikakwama. Barabara haijasahaulika, tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Waliokuwa wanasubiri siku ya mwisho ndio waliokosa.

Mabadiliko yaliyofanywa ni haya. Safu mpya, "mwisho wa kwetu", ni =G2-3, na hiyo ndiyo inayoandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Tarehe halisi iko kwenye jedwali tu. Kuna waliolalamika kwamba wanadanganywa. Wakipenda wakaiangalie jedwalini.

Nyaraka hazisubiri tangazo. Cheti, transkripti, cheti cha kuzaliwa na nakala zilizothibitishwa na wakili zinaandaliwa mara moja na kuhifadhiwa kwenye barua pepe ya mwenyewe, si kwenye simu peke yake. Waliosoma vyuo vikuu vya SUA Morogoro, UDOM Dodoma au MUST Mbeya waagize transkripti mapema, maana safari ya karatasi ni ndefu kuliko ya fomu.

Kuskani: dpi 300 kwa rangi hutoa faili la MB kadhaa kwa kurasa chache, na mifumo mingine ya maombi hulikataa bila kueleza sababu. Kwa dpi 150 na rangi ya kijivu, ukurasa hubaki chini ya nusu MB na mhuri unasomeka. Mhuri wa bluu uliofifia uskaniwe kwa rangi, ukurasa huo tu. Jina la faili liwe JINA_CHETI.pdf bila nafasi wala alama. Faili lililoitwa "scan mpya (2) final" limewahi kuugomesha mfumo, na hata ukilipokea, msomaji wa upande wa pili halimwambii kitu.

15 Juni 2024: Matangazo ya kitapeli

Yameongezeka tangu kundi lifahamike. Mengi yana nembo halisi ya taasisi iliyopo. Tangazo haliingii jedwalini hadi likutwe kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, na anwani ya barua pepe iwe ya taasisi, si ya bure. Likitaka pesa kwa simu kwa ajili ya "usaili", "fomu" au "kuhifadhi nafasi", linatupwa. Maombi kupitia Ajira Portal hayana malipo.

Panapochanganya ni Marekani. Ada ya maombi ya kujiunga na masomo ya uzamivu huko ni halali, hulipwa kwa kadi kwenye tovuti ya chuo, na idara nyingi huisamehe mtu akiandika kuiomba kabla ya kuwasilisha. Nafasi ya ajira ya utafiti, kwa maana ya mkataba na mshahara, kwa kawaida haina ada. Tofauti hiyo imeandikwa juu ya safu ya ada kwa wino mwekundu.

IELTS, mtihani wa Kiingereza, nayo si lazima kila mahali. Vyuo kadhaa hupokea barua ya chuo cha hapa inayosema masomo yalifundishwa kwa Kiingereza. Barua hiyo iombwe pamoja na transkripti, kwa safari moja. Mtihani wenyewe unamaanisha kwenda Dar es Salaam, nauli na malazi juu ya ada.

20 Julai 2024: Wadhamini

Maombi kamili yamekuwa yakianguka kwa sababu ya barua za wadhamini. Mifumo ya nje humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, kiungo kinaingia kwenye barua taka, mhadhiri hajui, tarehe inapita. Wengine waliandika anwani ya mhadhiri aliyestaafu au ya barua pepe ya kawaida, mfumo ukaikataa kwa kuwa si ya chuo.

Karatasi moja ya kumpa mdhamini imetengenezwa: kozi alizomfundisha mwombaji na alama zake, kichwa cha mradi wa mwisho, jina la nafasi, mwisho wa barua, na anwani itakayotuma kiungo. Inaambatana na ujumbe mfupi. Huu ndio mfano unaotumika:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa Uhandisi wa Mazingira 2018–2022, ulinisimamia mradi wa maji ya visima. Naomba unidhamini kwenye nafasi ya uzamivu niliyoiambatisha. Mwisho wa barua ni Ijumaa tarehe 9 Agosti. Mfumo wa chuo hicho utakutumia kiungo leo jioni. Kisipoonekana, tafadhali kiangalie kwenye barua taka. CV na karatasi ya maelezo viko hapa chini. Asante sana Dokta."

Salamu isirukwe, na jambo lenyewe lisicheleweshwe baada ya salamu. Ujumbe wa "Shikamoo Dokta, habari za siku nyingi" unaoishia hapo na kusubiri kuitikiwa unakaa wiki. Kumbusho ni moja, siku tatu kabla. Wadhamini watatu waandaliwe hata kama wanatakiwa wawili.

7 Septemba 2024: Nafasi za nyumbani

Jedwali lilikuwa na nafasi za Trondheim, Norway, na halikuwa na ya Naliendele. TARI Naliendele, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndiyo inayoratibu utafiti wa korosho na mbegu za mafuta kitaifa. Ajira za kudumu hupitia Sekretarieti ya Ajira kama taasisi nyingine za umma. Kazi za muda, yaani wakusanya takwimu na wasaidizi wa shambani na maabara, hufuata msimu na fedha za mradi, na tangazo lake aghalabu ni karatasi ukutani au ujumbe unaopita mkono kwa mkono. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, hushambulia maua ya mkorosho kuanzia katikati ya mwaka, hivyo watu wa kupima majaribio ya viuatilifu hutafutwa kabla ya hapo. Anayeuliza Septemba amechelewa. Aulize Machi au Aprili, na barua na CV viwe mkononi.

Chanzo cha pili ni watafiti wa kigeni. Hawaruhusiwi kufanya utafiti nchini bila kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na mshirika wa Kitanzania, na karibu kila mradi unahitaji msaidizi anayejua eneo. Mkoani Lindi kuna Tendaguru, kilipochimbwa kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa Berlin, na gesi ya Songo Songo. Mtwara ina Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Barua hazipelekwi kwa mgeni ambaye hajafika. Mshirika wa chuo cha hapa ndiye anayepanga wasaidizi, na jina lake hupatikana kwenye machapisho ya awali ya mradi.

Ujuzi unaoulizwa mara nyingi unajifunzika bure: KoboToolbox ya kukusanya takwimu kwenye kishikwambi, QGIS ya ramani, na R ya kuchambua takwimu. Mwenye kuonyesha fomu ya Kobo aliyoijenga na jedwali alilolisafisha anampita mwenye cheti cha semina. Kwa bahari ongeza kuogelea. Inashangaza ni wahitimu wangapi wa sayansi za majini wa pwani hii hawaogelei.

Kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoanza kujengwa Lindi chini ya HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu, imewekewa mstari wake. Tangazo lake la kwanza la watumishi wa taaluma likitoka, wenye 3.8 wawe na vyeti mkononi.

26 Oktoba 2024: Gharama na hali ya sasa

Plaiwudi 28,000, mbao za fremu 12,000, nailoni, klipu na misumari 9,500, fundi 15,000. Kuchapa kunakula wastani wa 6,000 kwa mwezi, bando 20,000. Kiungo kifupi na jedwali ni bure. Steshenari haitozi kodi ya ukuta, kwa kuwa wasomaji wa ubao ndio wanaotoa kopi hapohapo.

Mistari ya jedwali imepungua hadi robo ya ile ya Februari, na sasa watu wanaisoma. Kuhakiki tangazo moja la nje kunachukua karibu nusu saa, la ndani dakika kumi. Mhakiki wa pili anahitajika upande wa Lindi, awe anasoma Kiingereza cha matangazo bila kubahatisha na ana muda Jumamosi.

Kesho Ulaya inarudisha saa nyuma. Safu F ya nchi zote za Ulaya ya kati itoke 2 iwe 1, Uingereza itoke 1 iwe 0. Marekani wanafuata 3 Novemba, na maombi yao mengi ya uzamivu hufungwa Desemba, kwa hiyo barua za kuomba msamaha wa ada zianze kuandikwa wiki hii.